Mshenga wa Jamleck

Jamleck Gathogo alimfunga mjukuu wangu Becky kwa karatasi moja, naye mwenyewe akabaki huru. Sitatafuta maneno laini ya kulieleza jambo hilo.

Becky huhariri video za harusi, na hulipwa kwa kila harusi. Jamleck, mwenye studio hapa Lanet, alimpa mkataba wa miezi mitatu. Nilivaa miwani nikausoma wote. Becky asiguse kazi ya mtu mwingine. Simu yake iwe wazi siku zote, Jumapili ikiwemo. Akitaka kuondoka, atoe notisi ya mwezi mzima. Studio, kwa upande wake, haikuahidi kumpa hata harusi moja, na iliweza kumwachisha kazi siku yoyote bila kutaja sababu. Mwezi wa kwanza alipewa kazi. Wa pili aliumaliza sebuleni kwangu akiitazama simu.

Ndipo ushirika wa wakulima wa viazi kule Molo ukamtaka autengenezee video za mafunzo. Walitaka jibu kufikia Ijumaa. Becky alimwomba Jamleck amwachilie. Jamleck akamjibu kwamba akithubutu atamwona kortini, na kwamba wasichana wa kuhariri wamejaa Nakuru.

Alhamisi asubuhi nilimwendea. Hakunyanyuka kitini. Alidhani nimeleta habari za Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi alikuwa aende Keringet kumposa Jerotich, na mshenga wake nilikuwa mimi. Baba yake Jamleck ndiye aliyekuja kunisihi. Nilifundisha Keringet hadi nikastaafu. Kikipsigis nakisema jinsi wazee wa huko wanavyokisema, na baba yake Jerotich alikuwa mwanafunzi wangu. Katika ukoo mzima wa Gathogo hakuna mwingine awezaye kuketi mbele ya wazee wale akasikilizwa.

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Becky. Uso wake ukabadilika. Alisema Becky ni mtu mzima, alitia sahihi kwa mkono wake, na kwamba wazee wa chaki hawaelewi kazi za siku hizi. Shantel, msaidizi wake, aliinamia kompyuta akicheka chini kwa chini.

"Mkataba ni mkataba, Mwalimu," akasema Jamleck. "Kama hakuupenda, angeniachia karatasi yangu."

"Vyema. Nami nataka wangu, wa Jumamosi. Chukua kalamu."

Alicheka, lakini akaichukua.

"Andika. Jamleck hatatafuta mshenga mwingine. Atanisubiri langoni kwangu tangu alfajiri, wazee wake wakiwa ndani ya gari. Mimi nitatoka nikipenda. Nisipopenda, sitaeleza sababu."

Kalamu ilisimama. "Mwalimu, huo ni uonevu. Watu wa Jerotich wamealika ukoo mzima. Nitawaambia nini?"

"Waambie mkataba ni mkataba."

Alinitolea macho. Akadai kwamba mtu wa kanisa hafanyi mambo kama hayo. Nilimjibu kwamba sijakataa kwenda, kama vile yeye asivyokataa kumpa Becky kazi. Shantel hakucheka tena.

Aliandika mistari miwili ya kumwachilia Becky, akaipiga muhuri hadi meza ikatetemeka, akanirushia.

"Umenivua nguo mbele ya mfanyakazi wangu."

"Sikukuvua. Nilikuvisha ile uliyomshonea mjukuu wangu."

Becky aliwajibu watu wa Molo jioni ile ile.

Jumamosi nilikuwa langoni kwa akina Gathogo kabla ya jua kuchomoza, nimefunga tai. Baba yake Jamleck nilikuwa nimempa neno langu, na neno langu halingoji sahihi. Kule Keringet nilizungumza hadi wazee wakakubali posa.

Tuliporudi Lanet, Jamleck alinifungulia mlango wa gari, akaninyooshea mkono, akaniita guka, yaani babu kwa Kikuyu. Nikamwambia aendelee kuniita Mwalimu. Mkono wake niliuacha hapo ulipokuwa, nikaingia nyumbani kwangu.