Mapezi ya Kukulia

Muuza duka alikuwa ametandaza jozi tatu za mapezi ya kuzamia juu ya kaunta, na mama alikuwa ameshachoka kumsikiliza.

"Haya marefu ni ya wanaozamia kwa pumzi zao wenyewe, wanashuka mbali. Haya laini ni ya watalii, wao hawana haraka. Haya mafupi, magumu, ni ya kazi. Ukibeba mtu yanasukuma, na kwenye kona hayakwami."

"Binti yangu ana mtihani wa kikosi cha uokoaji," mama alisema. "Mwaka jana walimkataa, safari hii nafasi ni mbili tu. Lete mafupi. Hayo marefu atafagilia nini?"

Angekomea hapo, mambo yangekwenda sawa. Lakini huyu alikuwa amenunulia watoto wanne viatu vya shule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa kiatu kinachomtosha kabla hakijachakaa.

"Navaa thelathini na nane," binti alisema, kando ya mama yake.

"Mpe arobaini."

"Mama, mapezi lazima yabane kidogo," muuza duka aliingilia. "Yakilegea, maji yatayavua."

"Kijana, una watoto?"

"Sina."

"Basi funga mzigo."

"Mama, nina miaka kumi na tisa! Mguu umeshaacha kukua."

"Wa baba yako uliacha lini? Mpaka leo anatoboa soksi. Utavaa na soksi zake, yatakaa."

Siku ya mtihani mama alikaa benchi la mbele, kando ya bwawa. Binti alipiga mbizi kumfuata mwanasesere mzito wa mpira aliyelazwa chini. Kabla hajamfikia, pezi la kulia liliachana na mguu likapanda juu peke yake. Nyuma yake ikaibuka soksi ya baba, yenye tundu la kidole gumba.

"Mali ya nani hii?" mkufunzi aliuliza.

Mama akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Binti aliibuka mikono mitupu, macho mekundu. Mkufunzi akakuna kichwa. "Nakupa zamu moja ya mwisho. Tafuta mapezi yanayokukaa, au nenda nyumbani."

Kabla hajamaliza, mama alikuwa ameshasimama mbele ya msichana aliyekuwa amemaliza zamu yake.

"Mwanangu, unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na nane, mama."

"Vua."

"Lakini mama, mimi na yeye tunagombea nafasi..."

"Utagombea ukiwa peku. Vua."

Safari hii binti alitoka chini na mwanasesere kwapani kama anayerudi sokoni na kapu. Wasichana wote wawili walichukuliwa, na mama akampongeza yule msichana mwingine kana kwamba ni yeye mama aliyemnunulia mapezi.

Mlangoni, mtunza stoo alikuwa akigawa buti za kikosi. "Namba?"

"Thelathini na nane," binti alisema upesi, akamkazia mama macho.

Mama alinyamaza. Alinyamaza kweli, mpaka mtunza stoo akageukia rafu.

"Thelathini na tisa," mama akamnong'oneza mtunza stoo. "Moja tu, mwanangu. Hata wewe unaona bado anakua."