Saa Moja ya Jumamosi

Mwenyekiti wa klabu yetu ya tenisi alinipa pole ya msiba kila nilipotaka kuanzisha mpira.

"Pole sana, mzee mwenzangu," anasema kutoka ng'ambo ya wavu, mpira uko hewani. "Yule mama alikuwa mtu wa watu."

Mpira unanasa wavuni. Pointi yake.

Tulikuwa tunagombea saa moja ya Jumamosi asubuhi. Saa hiyo uwanja ulikuwa wetu, mimi na marehemu mke wangu, tangu mwanetu wa kwanza hajazaliwa. Mwenyekiti akaniita, akasema saa hiyo ni ya watu wawili wawili, wewe sasa ni mmoja, kamati inaitaka. Nikabisha. Akasema basi tucheze, atakayeshinda aichukue. Viongozi ndivyo walivyo: wanakunyang'anya, halafu wanataka uonekane umeshindwa kihalali. Hata mke wangu alipozidiwa, daktari mkuu alikuwa kikaoni.

Nikianza kumpata, anainama kufunga kamba za viatu. Mimi ni fundi viatu. Kamba zile hazikuwa na shida yoyote.

"Shemeji, na wewe mchezee akili!" mdogo wa marehemu akanipigia kelele kutoka kwenye benchi. "Kohoa akirusha! Muulize uchaguzi wa klabu ni lini!"

"Nyamaza, shemeji."

"Haya, endelea na adabu zako. Dada alikuwa anakufunga kila wiki na adabu zako hizo hizo."

Ni kweli, alikuwa ananifunga.

Tukawa sare. Mwenyekiti akatazama saa, akasema ana kikao, pointi moja imalize kazi. Shemeji alikuwa ameenda kujisaidia. Mwenyekiti akaupiga mpira mrefu, ukanipita juu ya kichwa, ukatua kwenye mstari wa nyuma. Chokaa iliruka. Pale kwetu hakuna refa, kila mtu anahukumu upande wake, na siku hiyo upande wa mwenyekiti mistari ilikuwa inahamahama. Yeye jua lilikuwa linampiga machoni. Hakuona kitu.

"Nje?" akauliza. Alikuwa ameshaanza kukasirika.

"Ndani," nikasema.

"Umesemaje?"

"Mpira umeingia. Umeshinda wewe."

Akaja mpaka wavuni. "Una hakika? Uliangalia vizuri?"

"Niliangalia."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa bili ya nyumba ya jirani. "Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda nyumbani."

Shemeji akarudi anafunga mkanda. "Nani kashinda?"

"Yeye."

"Kakuibia?"

"Hapana."

"Basi umejiibia mwenyewe," akasema, akanibebea raketi.

Jumamosi iliyofuata, saa moja, nilipita pale. Uwanja ulikuwa wa kamati, na kamati ilikuwa imelala. Geti lilikuwa na kufuli jipya. Nikazunguka kwa nje hadi kwenye ukuta wa stoo, nikaupiga mpira mpaka jua likawa kali.