Mgongo wa Mama Kadidja

Hangari letu la mtaa wa Ndosho, la arusi na la vilio, lilihitaji nguzo nne mpya. Léopold, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alikuwa ameona kwenye simu kazi za Wasalish, watu wa pwani ya Kanada: nguzo za mwerezi zilizochongwa sura za jamaa zao, nazo ndizo zinazobeba paa. Mwerezi hatuna, tuna mikaratusi. Akatangaza kwamba kila nguzo itakuwa marehemu mmoja wa mtaa, aonekane na kila anayepita barabarani.

Ghafla marehemu wote wakawa watakatifu. Hata muuza kasiksi, pombe ya ndizi, aliyetunywesha maji miaka yote alipata wa kumtetea. Mimi nilimtaka mama yangu, Kadidja, na sikuwa tayari kusikiliza upuuzi wa mtu. Maisha yake yote alipeleka viazi sokoni kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso. Alikufa bila kuacha hata picha moja inayoeleweka. Nilitaka abaki mahali.

Mtaa ulikubali. Aliyekataa ni mjomba Mahamudi, dereva wa kamyo ya mizigo, ambaye dini humpanda kichwani akishashiba.

"Sura ya mutu ni haramu, Alima. Uso wa dada yangu hautachongwa."

Nilifura kwa hasira. Léopold akajikuna kichwa kwa patasi.

"Papa Mahamudi, na mugongo? Nayo iko haramu?"

Mjomba akapunga mkono. "Mugongo... chonga tu."

Basi nguzo tatu zikasimama na nyuso zao, na ya nne ikaipa barabara mgongo: kichwa kimeinama, kamba, gunia la viazi, visigino vilivyopasuka. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia Léopold mpaka mkewe akakohoa.

Siku ya kufungua, mjomba alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Alisimama barabarani, akaiangalia nguzo mpaka nikaanza kumwonea huruma, jambo ambalo sijalizoea.

"Hivi ndivyo nilikuwa namuonaka," akasema. "Kila siku, kamyo iko tupu. Napiga honi, anaenda pembeni, napita."

Akamgeukia Léopold. "Umugeuze. Umutie uso, hata kama ni zambi."

"Haiwezekane, papa," Léopold akamjibu. "Ameshabeba paa."