Pengo la Sikitu

Msimwone Sikitu anasinzia kitini saa nane mchana mkadhani ni mvivu. Tangu asubuhi anangoja taa zitengenezwe, na katika kazi yake kungoja ndiyo kazi yenyewe. Anapigwa picha za matangazo kwa sababu sura yake ni ya kawaida mno: kwenye bango la sabuni ni mama wa nyumbani, kwenye kipeperushi cha zahanati ni mgonjwa aliyepona, kwenye kalenda ya bima ni mjane asiye na wasiwasi. Watu humsimamisha sokoni, samahani mama, tunafahamiana? Hapana mwanangu, labda umeniona ukutani. Kitu kimoja tu si cha kila mtu: jino la mbele, lililokatika siku binti yake Mwanamkuu, akijifunza kuruka kamba, alipomgonga kwa kichwa. Miaka yote wapiga picha humwambia, dada, funga mdomo, cheka na mashavu. Leo wamekuja na kubwa zaidi: kesho ukalizibe hilo jino, la sivyo tutatafuta mwingine. Naye, jamani, amekubali. Kichwa kinamwangukia begani, kitambaa cheupe cha kupigia picha, kilichotundikwa studio, kinapepea mbele yake, na yeye anakipenya kama anapita pazia la chumbani kwake.

Ng'ambo ni barabara. Inakwenda, inapinda, inarudi kwenye kitambaa kilekile, inakwenda tena, na kuta zake zote ni vioo, na katika kila mlango amekaa Sikitu: Sikitu wa sabuni, Sikitu wa zahanati, Sikitu wa bima, wote midomo imefungwa, wote wanacheka na mashavu. Anafuatana naye mtu aliyevaa koti la mpiga picha, na mahali pa uso ana ngozi tupu, laini kama donge la unga. Ee bwana, huu ni mji gani? Ni mji wa watu wote. Na njia ya kutokea? Aliyeingia kwa sura ya wote hutoka kwa sura ya mmoja. Loo! Nakuuliza njia, wanipa kitendawili? Basi sikiliza, anayekujua akikutambua umetoka, akikupita ndiyo umebaki, na haji mara mbili. Sikitu anataka kukimbia, na miguu imeshamkalisha mlangoni pamoja na wenzake.

Na kweli anakuja. Mwanamkuu, na sare yake ya chuo cha uuguzi, anatazama mlango hadi mlango. Shikamoo mama, anamwambia wa sabuni. Wa sabuni anatabasamu. Siye huyu. Shikamoo mama, anamwambia wa bima, na sauti yake inaanza kulia. Siye. Sikitu anataka kumwita, midomo haifunguki, mashavu yanacheka yenyewe, miaka kumi na moja ya kufunga mdomo si mchezo. Tulia, ananong'ona yule asiye na uso, kwani unapungukiwa nini hapa? Mtoto anamfikia. Anamtazama. Anapita. Hapo woga unamtoka na hasira inampanda. Uchungu nimeuona mimi, leo anipite kama nguzo! Anatia vidole mdomoni, anavuta, anavuta, mpaka midomo inaachana na lile jino linaonekana. Mwanamkuu anageuka. Mama! Kumbe ni wewe!

Anaamka. Taa zinawaka, na Hemedi mpiga picha anasema, haya dada Sikitu, tayari, funga mdomo. Hafungi ng'o. Leo anacheka kwa meno yote, na jino halizibwi, watafute huyo mwingine. Hemedi anapiga, anatazama kamera yake. Safi sana, anasema, kumbe umeshaziba! Anamgeuzia aone: mwanamke anacheka, meno yametimia yote, hayana hata ufa. Sikitu anaogopa kupeleka ulimi penye pengo: mtoto alimpita kwanza, ndipo akageuka. Simu yake imeisha chaji, anaazima ya Hemedi, nambari ya Mwanamkuu anaijua kwa moyo. Mwanangu, njoo unichukue, njoo sasa hivi. Kisha inakuja sauti ya Mwanamkuu, ya upole, ile anayowapa wageni.

Samahani, nani mwenzangu?