Gimba Lisilofuata Duara

Ofisini kwetu La Serena, nchini Chile, chai ya jioni ndiyo kikao. Kompyuta haziruhusiwi mezani. Ni mkate wa marraqueta, parachichi lililopondwa na birika. Kabla birika halijakauka, wale watatu wanaopima mizingo, yaani njia za kulizunguka Jua, ya magimba madogo ya barafu, yale yaliyo ng'ambo ya Neptuni, huwa wameshakubaliana darubini ya mlimani ielekezwe wapi usiku huo.

Siku hiyo Ondina Astudillo hakugusa mkate.

Alikuwa na magimba manne, aliyagundua mwenyewe mwezi uliotangulia: vinukta vinne vilivyosogea kidogo katikati ya nyota zisizosogea. Lakini kinukta kilichoonekana usiku mmoja tu bado si kitu. Lazima kionekane tena, na ili kionekane lazima ukisie kimefika wapi. Desturi ya ofisi ilikuwa kukisia kwamba kila gimba hulizunguka Jua kwa duara. Mengi yalipatikana hapo hapo. Yasiyopatikana yalihesabiwa kuwa kasoro za kamera, yakafutwa.

La nne lilikuwa hafifu. Ondina alikwisha kulitafuta wiki iliyopita pale duara liliposema, hakuliona. Mwezi ulikuwa unakua. Likikosekana usiku huu, mwanga ungelificha, na giza litakaporudi hakuna ambaye angeweza kukisia liliko.

"Nina picha nne leo," alisema. "Nazitaka zote kwa gimba moja."

Yerko Tapia, mwenzake, alicheka huku akipaka parachichi. "Haya, bibi harusi! Wachumba watatu wazima unawaacha, unamfuata aliyekukimbia?"

"Wako wanakaa ulipowaweka, kama kuku wa kufungwa mguu."

"Ndiyo maana nalala usingizi."

Mkuu wao, Profesa Barraza, aliweka kikombe chini. Kwa miaka alikuwa ameandika kwamba magimba ya kundi lile hutembea karibu kwa duara, na mwezi uliofuata angesafiri kwenda kulisema hilo mkutanoni, mbele ya wenzake.

"Mwanangu, lile ni doa la kamera."

"Doa halisogei, Profesa. Hili lilisogea."

"Basi lingekuwa mahali pake."

"Mahali pake, au mahali petu?"

Yerko aliacha kutafuna.

Ondina aliburuta kisu juu ya kitambaa cha meza. "Kama njia yake ni duaradufu ndefu, huenda mbio likiwa karibu na Jua na kujikokota likiwa mbali. Kwa hiyo liko kwenye mstari huu huu, ila mbele au nyuma. Mbili nitapiga mbele, mbili nyuma."

"Na yale matatu ukiyapoteza?"

"Hasara ni yangu."

Barraza alichukua tena kikombe chake. "Sikubaliani nawe hata kidogo," alisema. "Lakini picha ni zako. Tuma."

Asubuhi picha zilishuka kutoka mlimani, kila sehemu ya anga imepigwa mara tatu ili kinachosogea kijulikane. Mbele, ya kwanza: nyota tu. Mbele, ya pili: nyota, na mchirizi wa setilaiti. Nyuma, ya kwanza: hamna kitu.

"Pole, dada," Yerko alisema begani kwake.

"Nani kakwambia nimefiwa?"

Katika ile ya mwisho, karibu na ukingo, kinukta kilisogea.

Barraza aliitwa. Alitazama amesimama, akamtaka Ondina apime upya, kisha akapima mwenyewe. Mzingo ulitoka mwembamba kama punje ya mchele.

"Yale tuliyoyafuta," Barraza alisema. "Tuliyatafuta wapi?"

"Kwenye duara."

"Yote?"

"Yote, Profesa," Yerko alijibu.

Barraza alivuta kiti akakaa. "Chukua saa zangu za darubini za mwezi ujao. Yatafute."

"Yametembea mwaka mzima na zaidi. Mstari wake sasa ni mrefu kuliko saa zako zote."

"Hayapatikani?"

"Hayapatikani."

Yerko alijikuna shingo. Usiku huo alikuwa na picha tatu. "Haya, chukua zangu, uwarudie wachumba wako. Wao wanang'aa, mwezi hautawaficha."

"Leo umekuwa mkarimu, unaumwa?"

"Chukua kabla sijapona."

Mawili yalipatikana. La tatu halikuwa kwenye duara, na picha za kulitafuta mbele na nyuma hazikuwepo tena. Barraza alisafiri kama alivyopanga. Alisimama mbele ya wenzake akasema kwamba hesabu yake ya miaka ile haifai kuaminiwa, akaeleza kwamba yasiyofuata duara waliyafuta wenyewe, kisha akaonyesha mzingo wa gimba la Ondina. Lile la tatu alilitaja pia. Hakusema ni doa. Alisema lipo, na kwamba ni wao waliolipoteza.