Waliokuja Kumtazama Salhiya

Siku aliyomfungulia Bi Tabia kifua chake, Salhiya alifunga mlango kwanza, akafunga na dirisha la uchochoroni, akauliza mara mbili kama hapana mtu mwengine nyumbani. Ndipo akaiachia kanga. Ziwa la kushoto lilikuwa kidonda kitupu, limechimbika na kugeuka rangi, na harufu yake ikaenea chumba kizima. Bi Tabia hakurudi nyuma wala hakuziba pua. Alikuwa mkosha maiti wa mtaa wa Malindi, Unguja mjini, kwa miaka ishirini na sita. Wanawake wa mitaa ile, wakubwa kwa wadogo, walipita mikononi mwake kabla ya kwenda kaburini, na hapana kitu katika mwili wa binaadamu ambacho yeye hajakitia mkono.

Alichofanya ni kumgombeza, maana uchungu wake yeye hutokea mdomoni. Alimwita mjinga, akamwita kichwa maji, akamuuliza jambo kama hilo amekaa nalo muda gani bila ya kusema. Salhiya alijibu kuwa ni tangu mwaka jana, na kwamba aliona haya. Kesho yake walikwenda hospitali wote wawili. Daktari alitazama, akasema laiti wangekuja miezi mitatu minne nyuma pangekuwa na la kufanya, akaandika dawa za kutuliza maumivu. Wakati wa kushuka ngazi Salhiya alimshika Bi Tabia mkono.

"Nkifa unikoshe wewe, Bi Tabia. Na hiki kifua asikione mtu mwengine."

Bi Tabia alimuapia. Salhiya alikuwa mtoto wa shoga yake, marehemu Zeyana, amekulia mapajani mwake, angemnyima nini? Wahenga walishasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na wakakomea hapo. Hawakusema aijuaye mtaa mzima.

Haya, sasa isikilize na kazi aliyokuwa akifanya Salhiya mwenyewe. Aliolewa Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa, akafiwa na mume, akabaki huko huko nyumba moja na wifi yake, Ummy. Wote wawili walipata kazi katika hoteli moja ya Kendwa, Salhiya akisafisha, Ummy akikaa na wageni, maana Ummy alikuwa na Kiingereza chake kizuri. Na hoteli yenyewe si ya watu kuja kuogelea tu. Hapo watu walikuja kukaa kimya. Walipanda ndege mbili kutoka Ulaya kuja kukaa kitako kwenye ukumbi wa makuti, macho wamefumba, wakisikiliza pumzi zao, utadhani huko kwao pumzi hakuna. Mwenye kuwafundisha alikuwa bibi wa kizungu, zamani daktari wa maradhi ya nafsi, kisha akaingia katika mafunzo ya Budha na kujipa jina jipya, Karuna. Kwa lugha ya vitabu vya dini ile, ati jina hilo maana yake huruma. Huruma, na mtu kajiita mwenyewe!

Bi Karuna alikuwa na maneno yake, na Ummy akirudi nyumbani akiyarudia kwa fahari. Kwamba Budha hakuwa mtume wala mungu. Alikuwa tabibu wa kwanza wa akili, na wataalamu wa Ulaya wamechelewa zaidi ya miaka elfu mbili kuyajua aliyoyajua. Kwamba yeye Bi Karuna ameyachambua mafunzo yale kama mtu anavyochambua mchele. Ubani kautupa, watawa na mabakuli yao ya sadaka kawatupa, habari za kuzaliwa tena na kulipwa matendo kazitupa. Kimebaki kiini, nacho ni kukaa na kutazama. Mtu atazame maumivu, atazame hamu, atazame kinyaa, asikimbie na asishike.

Salhiya hakuwa na habari ya kiini. Kazi yake ilikuwa kupiga deki ukumbi ule kila asubuhi wageni wakiwa wameshakaa, na kumfuta vumbi Budha wa mawe aliyewekwa kando ya bwawa la kuogelea, ambaye wageni walimtundikia mataulo yao mabichi shingoni. Aliwahi kumuuliza Bi Tabia kama kulifuta sanamu ni dhambi. Bi Tabia alimwambia kufuta vumbi si kusujudu, afute, na hayo mataulo ayatoe, maana hata kama si mungu wako hafanywi kamba ya kuanikia.

Basi hazikupita wiki mbili tangu hospitali, Salhiya akafa Alkhamisi alfajiri, mwezi wa Shaabani, Mkokotoni. Saa mbili Bi Tabia alikuwa ameshafika kutoka mjini na kikapu chake, sanda, pamba, karafuu maiti na majani makavu ya mkunazi. Wanaume walikwenda kuchimba kaburi, maziko yakawekwa baada ya sala ya adhuhuri, na wanawake wakajaa ukumbini na uani wakisoma. Bi Tabia alimlaza Salhiya juu ya kitanda cha kukoshea, akamfunika gubigubi, akawa anangoja maji yapate uvuguvugu. Hapo ndipo gari ya hoteli iliposimama nje.

Alishuka Bi Karuna, nyuma yake wanafunzi wanne, wote wanawake, wamevaa nyeupe juu mpaka chini, kila mmoja na mto wake kwapani. Mito! Mtu anakwenda msibani na mto wa kukalia! Wenye msiba hawakuwaza baya, waliwasogezea jamvi, wakawaletea maji ya kunywa. Wa mwisho kushuka alikuwa Kusuma, mpishi wa hoteli, mwanamke wa Sri Lanka aliyekaa Unguja miaka tisa na kujifunza Kiswahili chake jikoni. Yeye hakuwa na mto. Alikuja na sufuria ya uji, akaitua kwa wapishi wa msiba, akashika ndoo kwenda kuchota maji bila ya kuambiwa.

Muda si muda Ummy akaingia chumbani. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono ya nguo ameikunja, kibakuli cha karafuu maiti kimo mkononi, tayari kumkosha wifi yake. Akasema kwa sauti ya chini kuwa wageni wanaomba kuingia. Hawatogusa kitu, hawatosema, watakaa pembeni tu. Kwao wao ni ibada. Katika mafunzo ya Budha mtu hutakiwa amtazame maiti na ajue kuwa mwili wake nao ndiko uendako, ahesabu yaliyomo ndani yake, nywele, kucha, meno, ngozi, makohozi, usaha, mpaka majivuno yamtoke. Ulaya maiti huwapati, mtu akishafariki huchukuliwa akafichwa. Bi Karuna kaliomba jambo hili kwa muda mrefu, na yeye Ummy, kwa kuwa ndiye mfiwa, ameshakubali.

Bi Tabia alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kuwa mafunzo hayo hayana ubaya wowote, hata yeye huyakumbuka mauti yake kila akishika kata, na mauti ni waadhi tosha. Lakini anayetaka kuhesabu usaha na auhesabu wake mwenyewe, kwani yeye hana? Salhiya alitaka sitara, na ataipata. Alilosema ni hilo tu. Habari ya ziwa hakuitaja, maana kiapo ni kiapo, hata mbele ya wifi.

Ummy akabembeleza. Akasema Bi Karuna ndiye aliyempandisha cheo, mwakani anampeleka Ulaya kusomea ualimu huo huo, na yeye ameshatoa neno lake, ataziweka wapi haya zake? Akamuuliza Bi Tabia, kwani kuna nini cha kufichwa? Bi Tabia akamtazama usoni asiweze kujua kama anauliza kweli.

Mara Bi Karuna mwenyewe akatokea mlangoni. Alikuwa na uso mpole, viganja ameviunganisha kifuani, macho yamemlegea kwa machozi. Alizungumza Kiingereza taratibu, na akazungumza sana. Alipomaliza, Ummy akasema kwa ufupi kuwa mwalimu anatoa pole na anamheshimu marehemu.

Maneno pishi nzima, tafsiri kijiko kimoja. Bi Tabia hakusoma Kiingereza, lakini hakuzaliwa jana. Alilisikia jina la Salhiya mle ndani mara nne, na aliyaona macho ya Ummy yakienda chini. Akamwita Kusuma, aliyekuwa akitua ndoo karibu na mlango, akamuuliza bibi huyu amesema nini.

Kusuma alijipangusa mikono. Kisha alianza kusema neno moja moja, na Kiswahili chake cha jikoni hakikujua kupamba kitu.

"Anasema Salhiya miezi minne alikuwa mwalimu wao. Asubuhi akija kupiga deki, harufu ya kidonda inakuja. Yeye anawaambia wanafunzi, msizibe pua, msikimbie, itazameni harufu. Ndani ya nguo za mwanamke huyu mwili unaoza, na yeye mwenyewe katulia. Anasema watu walilia kwa somo lile. Leo wamekuja kulimaliza."

Bi Tabia akayakumbuka maneno ya daktari. Miezi minne! Salhiya, kwa alivyomhadithia mwenyewe, alikuwa akijifunga matambaa matatu, akijimwagia marashi ya mawardi, akijifukiza udi mpaka nguo zinatoa moshi. Alikuwa akijifungia kwenye stoo ya mafagio kubadilisha tambaa na kulitia mfukoni asilione mtu, akarudi kuinama na deki yake mbele ya watu waliofumba macho, akishukuru kwamba wamefumba macho. Kumbe mapua yote yako wazi! Wanamla. Wanamvuta pumzi kwa pumzi, wanalia machozi ya raha, wanatoka hapo wanakunywa maji ya madafu. Nzi ana adabu. Nzi hutua kwenye kidonda akala akenda zake, lakini hakai akasema amefundishwa.

"Muulize," alisema Bi Tabia. "Katika wote hao, nani alimuuliza Salhiya una nini?"

Kusuma akauliza. Bi Karuna alifuta machozi, akajibu kwa upole uleule. Kwamba hakutaka kuivuruga amani ya Salhiya. Kwamba kutaka kutengeneza kila kitu ndio ugonjwa wa Wazungu, na watu wa visiwani wanayo hekima yao ya kupokea yanayokuja, hekima ambayo yeye ametoka mbali kuja kujifunza. Kusuma aliyatafsiri yote, hata hilo la hekima, na uso wake ukawa umekunjamana kama mtu aliyeng'ata kitu kibovu.

Halafu akamgeukia Bi Karuna, akasema naye kwa Kiingereza, kisha akayarudia maneno yale kwa Kiswahili ili Bi Tabia asikie. Alisema bibi yake, huko kwao, siku za mwezi mpevu alivaa nyeupe akaenda hekaluni kula kiapo, na katika kiapo hicho jambo la pili ni kutochukua kisichotolewa. Na bibi yake huyo huyo alikuwa akiwahadithia kwamba Budha aliingia siku moja kwenye nyumba ya watawa akamkuta mgonjwa amelala katika uchafu wake, wenzake wamempita wakenda kwenye ibada. Budha hakukaa kumtazama. Alitaka maji, akamkosha kwa mikono yake.

"Salhiya hakukupa," Kusuma alimwambia Bi Karuna. "Umechukua."

Bi Karuna aliinamisha kichwa, akasema ameyapokea maneno hayo na atakaa nayo. Akarudi uani, akakaa kwenye mto wake, akafumba macho, na wale wanne wakafumba pamoja naye. Bi Tabia akawapa kisogo.

Kisha akili yake ikarudi kwa Ummy. Ummy bado alikuwa amesimama palepale na kibakuli chake. Na Ummy ndiye aliyekaa ukumbini kila asubuhi ubavuni mwa mwalimu, na Ummy Kiingereza anakijua.

"Ulikuwemo?" Bi Tabia alimuuliza.

Ummy aliitazama sanda, akaitazama miguu ya Salhiya chini ya shuka.

"Nlikuwa kazini, Bi Tabia."

Miezi minne alisikia kwa masikio yake kuwa wifi yake anaoza. Usiku wakilala nyumba moja, wakila sahani moja, na Salhiya akimwambia kajipu tu, naye akaitikia kajipu tu, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba alisikia. Bi Tabia aliyaona yote hayo kwa mara moja, na hakuwa na tusi la kumpa. Alinyoosha mkono akampokonya kibakuli cha karafuu maiti.

"Basi huingii," alimwambia.

Ummy akasema yeye ndiye wifi, yeye ndiye jamaa wa karibu, haki ya kumkosha ni yake. Akasema nani atakayemimina maji. Bi Tabia akamjibu kuwa maji atamimina mwenyewe. Wale wanawake wa ukumbini walikuwa wameacha kusoma, juzuu mikononi, wakimtazama Ummy anavyotolewa chumbani mwake mwenyewe. Kusuma alizileta ndoo za maji ya uvuguvugu mpaka kwenye kizingiti, uso ameugeuzia ukutani, akaziweka, akaondoka. Bi Tabia akaziingiza, akafunga mlango, akatia komeo, akatundika na kanga juu ya ufa wa dirisha.

Nje Ummy alianza kulia. Alilia kwanza kwa sauti ya msibani, kisha ikawa sauti nyengine. Bi Tabia alisema bismillahi, akamtandazia Salhiya nguo ya sitara kutoka shingoni mpaka magotini, akapitisha mkono chini yake na kulifungua tambaa la kifuani. Lilikuwa limegandia. Akalilowesha taratibu, asije akamuumiza.

Akasikia nyayo zikija mpaka mlangoni, na sauti ile pole ya Bi Karuna, kwa maneno machache ya Kiswahili aliyokuwa nayo, ikimwambia Ummy apumue. Apumue tu, na atazame. Asikimbie.

Ummy alitoa ukelele, kikasikika kishindo cha mtu aliyesukumwa, na watu uani wakainuka. Kisha mlango ukagongwa kwa viganja viwili. Ummy alikuwa akimwita Salhiya, si Bi Tabia, akimwambia nifungulie, Salhiya, nifungulie nikutazame.

Bi Tabia alichota kata ya kwanza akaimimina juu ya kidonda, na hakufungua.