Bolti ya Katikati

Melkizedek hakuwa na subira na ujinga, na kwa maoni yake ujinga wote wa Karatu ulikuwa umejikusanya gereji, ukavaa ovaroli na kujiita fundi Clemensi. Yeye Melkizedek alikuwa stookipa wa chama cha ushirika, ingawa mwenyewe alisisitiza aitwe mtunza ghala. Mtu wa Marangu, kidato cha nne, kamusi mezani na penseli nyekundu sikioni. Clemensi alijifunza ufundi kwa kulala chini ya malori ya mlowezi wa Oldeani, na darasani aliishia la tatu. Fomu zake za kuomba vipuri zilikuwa aibu tupu: rejeta, shokomzoba, propela. Melkizedek alizichora nyekundu zote, kisha akaweka sheria: gari halitoki gereji mpaka mtunza ghala aandike kwa mkono wake mwenyewe kifaa kilichofungwa.

Jumatatu lori la chama likarudi limekaa upande, ekseli ya nyuma imehama mahali pake. Clemensi akaleta fomu yenye neno moja: sentabolti.

"Hiki nini, mzee?" Melkizedek akauliza, akiishika fomu kwa vidole viwili.

"Sentabolti. Ile inayoshika springi zisikimbiane."

"Hakuna neno kama hilo. Senta ni katikati. Sema bolti ya katikati."

"Na bolti je, ni neno la bibi yako?"

"Wewe fungua nati, mzee. Lugha niachie mimi."

Clemensi akamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani, akaondoka. Melkizedek akaandika kwa mwandiko wake mzuri, "bolti ya katikati, ya lori," akaituma fomu kwa basi kwenye duka la vipuri Arusha.

Haraka ilikuwa yake mwenyewe. Jumamosi alikuwa anamwoa Monika kule Oldeani, na lori hilo ndilo aliloahidiwa liwapeleke ndugu zake. Harusi ilishaahirishwa mara moja. Baba yake Monika alisema waziwazi kwamba ikiahirishwa tena, posa itarudi ilikotoka. Wiki nzima Melkizedek alitoka nje kila basi lilipopiga honi, roho juu, na gereji hakukanyaga. Angekwenda kusikiliza nini kule?

Ijumaa mchana boksi likafika. Ndani mlikuwa na bolti hamsini, mpya, zinang'aa, hakuna iliyozidi kidole gumba kwa urefu. Karatasi ya Arusha ilisema: "Bolti za saizi ya katikati, kama mlivyoomba. Mkihitaji ndogo au kubwa, mtaje."

Alikimbilia gereji na boksi kwapani, jasho likimtiririka. Lori lilikuwa limesimama uwanjani, limenyooka. Clemensi alikuwa anakunywa chai.

"Limepona lini?"

"Jumanne. Nilichomoa sentabolti kwenye lile lori bovu lililolala nyuma ya gereji."

"Jumanne! Na hukuniambia?"

"Uliniambia nifungue nati. Nikafungua." Mafundi wakacheka bila hata kugeuza nyuso. "Sasa andika, Ndugu, gari litoke. Sheria ni yako."

Melkizedek aliwachukia wote, na zaidi alimchukia huyu mzee na kikombe chake cha chai. Alitamani kukataa. Lakini alimfikiria baba yake Monika akitazama barabara tupu, akaiweka fomu juu ya boneti na kuliandika neno lile, masikio yakiwaka moto.

Clemensi akaichukua fomu, akaisoma polepole, midomo ikifuata herufi. Kisha akanyoosha mkono mweusi kwa grisi na kuichomoa penseli nyekundu sikioni mwa bwana harusi.

"Umeandika sentaboti," akasema. "Boti ni ya majini."

Akaongeza herufi iliyokosekana, akamrudishia penseli yake.